Picha ya Tatu

Mshono ndio ulionisema kwanza. Mimi ni fundi wa nguo, Makongeni, Thika, tangu nilipomaliza darasa la nane, na miaka yote hiyo mshono wangu ulikwenda nilikoutuma. Kisha siku moja, kabla ya mvua za Aprili, nilikuwa nashona sketi ya shule nikaona uzi umeacha alama ya chaki na kukata kushoto, umepinda kama njia ya mbuzi. Nikafumua, nikashona tena. Ukapinda tena. Nikalaumu cherehani, nikamwita fundi wa cherehani, akasema mashine haina neno. Nikalaumu macho, nikaenda kupimwa miwani. Mkono sikuulaumu, kwa sababu mkono ndio ulionilisha.

Mvua ilipoanza nilianguka kifafa dukani. Mwenye duka la jirani alinilaza ubavu na kuwafukuza waliotaka kunitia kijiko mdomoni. Nilipozinduka nilikuwa nimejikojolea, na mkono wa kulia ulikuwa umelala mapajani kama wa mtu mwingine aliyeusahau pale. Hili la kujikojolea nalisema kwa sababu hakuna aliyewahi kuniambia kwamba hutokea, na aibu yake niliibeba kwa muda mrefu kuliko maumivu ya kisu cha upasuaji.

Nakuandikia wewe uliyekaa kwenye benchi la hospitali na bahasha kubwa ya picha magotini, unaogopa kuifungua. Kuhusu ugonjwa wenyewe sitakufundisha kitu, daktari wako yupo. Nitakueleza mambo yaliyopita kati yangu na watu wangu. Uvimbe kwenye ubongo ulitaka kuniua, na watu wanaonipenda walikaribia kuusaidia, bila ubaya wowote.

Nilipasuliwa kichwa upande wa kushoto. Niliamka nimenyolewa nusu, nusu ya pili ina misuko yangu ileile ya Pasaka. Dawa za kupunguza uvimbe zilinipa uso wa mviringo kama sufuria, na njaa isiyo na adabu. Nilikula githeri baridi nikiwa nimesimama mlangoni mwa friji. Nilipopita Makongeni wateja walinipigia kelele, “Wambui, umenona! Hospitali imekupenda!” Nikawaambia, “Njooni nanyi mpasuliwe, mnone.” Wakaacha.

Nilikuwa nakaa kwa kaka yangu Kariuki, Membley, pale Ruiru, kwa sababu kutoka huko hospitali ni karibu na yeye ana gari. Kariuki ni mtu wa ofisi. Kila jambo hulitatua kwa simu. Aliponiona na kile kichwa aliitoa simu mfukoni, akaitazama, akairudisha. Hakukuwa na mtu wa kupigia.

Siku ya kurudi kwa daktari, Kariuki aliingia nami chumbani. Daktari alisema, “Tumetoa kinachoonekana. Kilichobaki hakionekani, hata kwenye MRI.” Kisha akamwita msichana mmoja mwembamba mwenye kompyuta, akasema huyu ni Achieng, mtu wa hesabu, anafanya utafiti naye.

Mimi na hesabu tuliachana zamani. Nikajiandaa kutoelewa.

“Mama,” Achieng aliniuliza, “hicho kitambaa ulichojifunga kichwani, kikimwagikiwa mafuta, yataenda wapi?”

“Yatafuata uzi.”

“Hayatatoka duara?”

“Kwa karatasi, duara. Kwa kitambaa yanarefuka upande wa uzi.”

“Basi ubongo nao una nyuzi zake. Uvimbe wako ukizikuta, unakimbia. Pasipo na nyuzi, unatambaa.” Alisema alichukua picha mbili nilizopigwa kabla ya upasuaji, ile ya siku nilipoanguka na ile iliyofuata, akapiga hesabu ya mambo mawili tu: uvimbe unazaana kwa kasi gani, na unatembea kwa kasi gani.

Nikamuuliza, “Na kama ni mafuta, si unamwaga unga, unaweka karatasi, unapiga pasi?”

Alicheka mpaka akashika meza. “Mionzi ndiyo pasi yetu, mama. Lakini lazima tujue tuiweke wapi.”

Akafungua picha tatu za kichwa changu, moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilionyesha kile ambacho mashine iliona. Ya pili ilionyesha mahali ambapo hesabu inadhani mabaki yamejificha sasa, rangi ya manjano ikirefuka kuelekea mbele, ikiwa nyembamba sana upande wa ile sehemu inayoendesha mkono wangu. Ya tatu ilikuwa nyekundu karibu kote. Nyekundu ilikuwa imevuka hadi upande wa pili.

“Hii ya tatu ni tusipofanya kitu,” Achieng alisema.

“Hesabu yako inaweza kukosea?”

“Inaweza. Ni makisio. Mimi sijawahi kuingia kichwani mwako.”

Hapo ndipo nilipomwamini. Mtu anayekuuzia kitu cha uongo hasemi hivyo.

Daktari alieleza kwamba desturi ni kuchora duara kuzunguka kidonda, na kupiga mionzi sawasawa pande zote. Kwa ramani ya Achieng angeweza kuupinda huo mchoro, aende mbali zaidi kufuata nyuzi, na aupunguze kidogo upande wa mkono. Akasema ni utafiti, naweza kukataa na nitatibiwa kama wengine. Nikauliza kuhusu mkono. Akasema haahidi. Nikasema, “Pinda.”

Muda wote huo Kariuki alikuwa analia kimya kimya, uso ukiwa ukutani. Tulipoinuka aliitoa simu akaipiga picha kompyuta. Sikujua alipiga ipi.

Mionzi haikuanza mara moja. Kulikuwa na foleni, na nikaomba nirudi Makongeni nifungue duka kidogo, nikae tu na vitambaa vyangu. Asubuhi moja akaja Tata Nyambura, dada mdogo wa mama yetu, kutoka nyumbani juu kwenye mashamba ya majani chai. Alikuwa amebeba furushi la kitambaa cha zambarau, kizuri, kizito.

“Nishonee magauni,” akasema. “Langu, la Mumbi, ya wasichana wa Kariuki, na ya wale wa Gathoni. Yafanane.”

“Haiya! Nani anaolewa?”

“Ni shughuli tu ya familia.”

“Lini?”

“Wee shona tu, Wambui. Lakini yaishe mapema.”

Nikachukua kitabu cha vipimo, ingawa vipimo vya ukoo huu navijua kwa kichwa. Mimi ndiye niliyewashonea nguo za harusi zote, na nguo za mazishi ya mama. Nikahesabu wanawake wetu wote, nikamwuliza, “Na langu?”

Tata akatazama nje, kule kwenye duka la simu. Mikono yake ilikuwa inakunja pembe ya kitambaa, inakunjua.

“Tata. Na langu?”

“Wewe utavaa nyeupe,” akasema polepole.

Nilimwelewa vizuri. Mama tulimzika na nyeupe, na mimi ndiye niliyeishona.

Sikulia. “Umeniletea mimi nguo za mazishi yangu, nizishone?”

“Ngai wangu, ningepeleka kwa nani?” Sasa ndiye aliyekuwa analia. “Nikienda kwa fundi mwingine ataniuliza, kwani Wambui wenu yuko wapi? Ningemjibu nini? Tangu lini watu wa nyumba yetu wakashonewa na mgeni?”

Nakuapia, katikati ya hasira nilimhurumia. Kwa akili yake alikuwa ameniheshimu. Nikamtengenezea chai. Katika ile chai akaniambia yote: Kariuki aliwatumia watu wa nyumbani picha ya kichwa changu, nyekundu tupu, na hakuandika neno. Wakaelewa. Jumamosi watakutana Kamakis, kwenye hoteli za nyama choma, wakubaliane nitolewe hospitali nirudishwe nyumbani nikapumzike.

“Nikapumzike wapi, Tata? Kitandani au chini?”

“Wee! Usiseme hivyo!”

“Ninyi ndio mmesema. Mimi nauliza kipimo.”

Jumamosi nilifika Kamakis kabla ya nyama kukatwa. Nilikuwa nimebeba mfuko wenye vile vitambaa, nimeshavikata, kwa mkono huuhuu ambao siku hizo ulikuwa unaangusha mkasi. Nilikuwa nimekata kwa shida, jasho likinitoka, nikipumzika kila pindo. Walikuwa wamekaa meza ndefu, Kariuki mwanzoni. Mazungumzo yalikatika kama redio iliyozimwa.

“Karibu, Wambui,” Kariuki akasema. “Hatukutaka kukusumbua.”

“Sisumbuki. Nasikia ni shughuli yangu.”

Mtu akakohoa. Kariuki akasukuma sahani. “Sikiliza. Hatutaki uteseke bure. Tumeona picha. Utaenda nyumbani, hewa ni safi, Tata atakupikia uji. Hiyo mionzi itakuchoma tu, na mwisho ni uleule.”

“Mliona picha gani?”

Akanionyesha simu. Ilikuwa nyekundu.

“Zilikuwa tatu, Kariuki. Ulipiga ya mwisho.”

“Ya mwisho ndiyo inaonyesha mwisho.”

“Inaonyesha tusipofanya kitu. Achieng alisema, wewe ulikuwa umeangalia ukuta. Hiyo ni picha ya mtu asiyetibiwa. Huyo mtu hayuko. Lakini mkinipeleka nyumbani mtamleta.”

“Na wewe hesabu umezijulia wapi?” Alikuwa amepandisha sauti, watu wa meza ya pili wakageuka. “Darasa la nane, Wambui!”

“Sizijui. Lakini kichwa ni changu, kwa hivyo nilisikiliza.”

Kariuki akaipanua ile picha kwa vidole, akaipunguza. Kisha akaongea kwa sauti ndogo, ile aliyokuwa nayo tukiwa wadogo. “Nilidhani ni ratiba. Nilidhani wametuonyesha siku zenyewe.”

Nikamwekea mkono begani, ule wa kulia. Ulikuwa mzito, lakini ulifika.

“Jumatatu unatakiwa hospitali saa ngapi?” akauliza.

“Mapema.”

“Nitakupeleka.”

Tata Nyambura, kutoka mwisho wa meza: “Na sasa kile kitambaa?”

Meza ilicheka, kile kicheko cha watu walioponea chupuchupu. Nikainua mfuko. “Nimeshakata. Yatashonwa yote. Na limeongezeka moja.”

Mionzi nilipigwa baridi yote ya Julai. Kwanza hukulaza na kukuwekea usoni plastiki ya moto yenye matundu, ikipoa inakuwa sura yako. Kila siku wanakufunga nayo mezani usitikisike. Siku ya kwanza nilipiga kelele ndani yake, na sauti ikanirudia. Kama unaogopa mahali pafinyu, waambie. Mimi sikusema mpaka siku ya tatu, kwa kiburi, na nilipowaambia muuguzi mmoja akanitilia nyimbo za kanisa kwenye redio yao ndogo. Huruma nyingi za hospitali ziko hivyo. Zipo, ila hazikufuati, lazima uziombe.

Kwenye benchi ndiko nilikompata Mzee Musyoka. Alikuwa mkulima wa mbaazi na ndengu kutoka mashariki ya Thika, mrefu, kofia ya sufu imevutwa hadi nyusi. Uvimbe wake ulifanana na wangu, na Achieng alikuwa amemchorea ramani pia. Kila asubuhi mkewe, Mama Mwende, alimfuta uso kwa kitambaa chenye maji moto kabla ya kumwingiza, ili plastiki isimshtue na baridi. Siku ya pili alinifuta na mimi, bila kuuliza.

Mzee alilinganisha ramani zetu kama mtu anayekagua mashamba. “Yangu ni ploti,” alisema. “Angalia yako, ekari nzima. Ninyi Wakikuyu hata uvimbe wenu unataka ardhi!”

“Na wako wa Kikamba unacheza ngoma mahali pamoja,” nikamjibu. “Hauendi popote.”

“Si ndiyo raha? Unacheza, unalipa, unaondoka.”

Nilimwambia habari za magauni ya zambarau. Alicheka akashika kichwa kwa maumivu, akaendelea kucheka. Halafu akanigeukia akiwa hana mzaha. “Sasa uyashone kweli. Usiache moja.”

Nilimwambia mkono haukubali.

“Ukubali au ukatae, wewe unaukalisha pale tu. Mimi shamba langu mwaka huu halikubali. Nimelima.”

Basi Kariuki akaileta cherehani yangu kutoka Makongeni, akaiweka sebuleni kwake, kati ya ile meza ya kioo na televisheni. Jioni, baada ya mionzi, nilikaa hapo nikashona kadiri nilivyoweza, wakati mwingine upindo mmoja tu. Sikuweza kutunga uzi kwenye sindano. Kariuki akajifunza. Alikuwa akirudi kazini anavua tai, anapiga magoti mbele ya cherehani, ulimi nje, anatunga uzi. Hatukuzungumza juu ya Kamakis tena. Tulizungumza juu ya uzi.

Sitaki kukudanganya kwamba nilikuwa shujaa. Nywele zilitoka mahali pale mionzi ilipopita, kwa mafungu, kwenye mto. Chakula kilikuwa na ladha ya msumari. Nilimtukana kaka yangu kwa maneno ambayo mama angenichapa. Na kuna asubuhi nilikaa kwenye ngazi nikakataa kuingia garini. Nilimwambia Kariuki, piga simu, waambie nimeshinda, nimeshindwa, wachague. Akakaa karibu nami na suti yake kwenye saruji yenye umande. Akasema, “Haya, usiende kutibiwa. Twende tukamsalimie Mzee tu.” Tukaenda kumsalimia Mzee. Tukiwa huko nikatibiwa.

Mionzi iliisha baridi ikielekea mwisho. Magauni yaliisha mjakaranda ulipokuwa unachanua. Tata Nyambura alikuja kuchukua lake, akalivaa mbele ya kioo, akageuka, likamkaa vizuri kuliko alivyostahili.

“Sasa mimi nitalivaa lini?” akauliza kwa huzuni kabisa.

“Kesho, ukienda sokoni.”

“Kuuza parachichi na hili?”

“Parachichi zitanunuliwa haraka.”

Mpaka leo hulivaa sokoni. Limepauka mabegani.

Mwezi huohuo nilipigwa picha mpya. Achieng aliiweka kwenye kompyuta kando ya ile ya tatu, ile nyekundu, kwa sababu tulikuwa tumefika wakati uleule ambao ile ya tatu ilikuwa inauonyesha. Hazikufanana. Mpya ilikuwa na kovu, na giza la kawaida, na hakuna kilichovuka. Daktari alisema, “Kwa sasa.” Nimelichukua hilo neno, sitaki lingine. Kariuki aliomba ruhusa, akaipiga picha ile mpya, akawatumia nyumbani. Safari hii aliandika maneno mengi mno.

Nikauliza habari za Mzee Musyoka. Achieng akavua miwani.

Ploti yake ilikuwa imeanza kusambaa tena, upande ambao hesabu haikuutazamia. “Nimerudia hesabu yake mara nyingi, mama,” alisema. “Sioni nilipokosea. Nilikuwa na picha mbili tu, na mtu ana mengi kuliko picha mbili.” Sikumlaumu, na wewe usimlaumu wako. Ramani yangu ilikuwa mbaya na mimi niko. Yake ilikuwa nzuri. Nimekaa na jambo hilo kwa muda mrefu na sijalipatia maelezo, na wanaokuja na maelezo, hasa wa kanisani kwetu, huwa nawaomba wanyamaze. Ninachojua ni kwamba hakuna ramani iliyomfanya aache kulima, nzuri wala mbaya.

Nilimwona mara moja zaidi. Maneno yalikuwa yameanza kumpotea. Aliniangalia mkono, akafanya vidole kama mtu anayeshika sindano, akainua nyusi. Nikamwambia, “Yote, Mzee. Sikuacha moja.” Akaitikia kwa kichwa kama aliyelipwa.

Alifariki mvua za Novemba zilipoanza kushika.

Sijapona. Mguu wa kulia unaburuta jioni, vidonge vya kifafa nitavimeza mpaka mwisho, na majina ya wateja yananitoroka hata wakiwa wamesimama mbele yangu. Duka liko wazi. Mshono unapinda mara mojamoja, naufumua, nashona tena. Ukinikuta nimeinama siku hizo usidhani nalia. Labda nalia. Lakini nafumua pia.

Siku ya kumzika Mzee, Kariuki alinipeleka. Ardhi ya huko ilikuwa nyekundu na laini, na mbaazi zake zilikuwa zimesimama hadi kifuani, kijani, zimenyeshewa vizuri. Nilivaa gauni la zambarau, lile lililoongezeka. Mama Mwende alipokuja kunishika alitazama gauni, akashika mkono wa kulia wa gauni, akaugeuza upindo nje akaukagua mshono, pale kando ya kaburi, watu wakiimba.

“Huu ndio ule mkono?” aliniuliza.

“Ndio huu.”

“Alisema utashona.” Akaulainisha ule upindo kwa kidole, akaurudisha ndani, kama mtu anayemfunika mtoto.

Kitambaa kilinunuliwa kwa ajili ya mazishi, na mazishini kilifika. Niliyekuwa ndani yake nilikuwa nimesimama. Zamu yangu ilipofika niliinama, nikachota udongo kwa mkono wa kulia, vidole vyote vikafunga, nikamtupia Mzee.